Kioo Kilichotazama Paa

Kazi yangu ni mapokezi katika nyumba moja ndogo ya wageni hapa Kisumu, na kuna swali ambalo kila mgeni huniuliza hata kabla ya kuuliza nywila ya intaneti: hapa kwenu kuna nini cha kuona? Nilipoanza kazi nilikuwa nikijibu kwa mdomo. Halafu nikachoka kurudia, nikachapa orodha kwenye karatasi, nikatoa nakala rundo zima na kuziweka kwenye kaunta kando ya bakuli la peremende. Kit Mikayi, lile jiwe kubwa njia ya Bondo. Viboko wa Dunga, kwa boti. Hifadhi ya swala kando ya ziwa. Makumbusho. Kisiwa cha Ndere, kwa mwenye siku nzima ya kupoteza. Samaki wa kukaanga kwenye vibanda vya ufukweni.

Orodha hiyo ilisifiwa sana. Mgeni mmoja aliwahi kuniambia kwamba inaonekana imeandikwa na mtu anayeupenda mji wake. Nilimshukuru, nikampa ufunguo wa chumba. Sikumwambia kwamba kati ya mahali pote hapo nilikuwa nimefika mahali pamoja tu, kwenye vibanda vya samaki, na kilichonipeleka huko kilikuwa njaa. Mtu wa Kisumu haendi kuiona Kisumu. Ana shughuli.

Mama yangu ndiye aliyekuwa na shughuli kuliko wote. Aliuza samaki Dunga tangu sijazaliwa. Alfajiri alitoka nyumbani Kisian, akafika ufukweni boti zinapoingia, akanunua ngege, yaani perege, na omena, wale dagaa wa ziwani, akapanga beseni zake kando ya barabara na kuketi hapo mpaka ziishe. Nilipokuwa mdogo nilikaa naye siku za likizo, nikiwafukuza nzi kwa tawi la mti. Ninachokikumbuka vizuri ni kwamba alikaa akiwa ameligeuzia ziwa mgongo. Si kwa dharau. Wateja walikuwa upande wa pili. Wageni walishuka kwenye magari yao, wakampita na kamera zao shingoni, wakasimama nyuma yake wakishangaa maji, naye aligeuka mara moja tu kuona kama wangenunua samaki.

Naikumbuka harufu ya kanga zake za enzi hizo, moshi na limau, na hadi leo nikipita Dunga asubuhi najikuta nimepunguza mwendo.

Macho yake yalianza kuharibika taratibu, nasi hatukuelewa. Alianza kujikwaa kwenye beseni zake mwenyewe. Mteja alisimama ubavuni pake akamsalimu mara tatu bila kujibiwa, akaenda kusema kwamba yule mama siku hizi ana maringo. Tulipompeleka kwa daktari wa macho tuliambiwa ni presha ya macho, na kwamba tumechelewa. Jicho moja lilikuwa limekwisha. Jingine lilibaki na tundu dogo katikati, mfano wa mtu anayechungulia kupitia bomba la maji. Ili akuone ilimbidi ageuze kichwa chote, akuelekeze uso sawasawa, na atulie. Daktari hakutuzungusha. Alisema kilichopotea hakirudi, na kilichobaki kinaondoka. Dawa zingekichelewesha kidogo. Miezi, labda. Alimwambia mama mwenyewe, naye mama alitikisa kichwa kama mtu anayetajiwa bei asiyoipenda.

Tulipokuwa tumeketi nje tukisubiri dawa, aliingiza mkono kwenye mkoba wangu kutafuta leso, akatoa karatasi yangu ya orodha. Aliisogeza mbele, akairudisha, mpaka ikakaa mahali pake. Akaisoma neno kwa neno.

"Hii yote iko hapa kwetu?"

"Iko, mama."

"Na wageni ndio wanaona?"

"Wageni, ndiyo. Na watu wa Nairobi."

Aliikunja karatasi mara nne, akaiweka kwenye pochi yake, si kwenye mkoba wangu. "Nyara," aliniambia, yaani binti yangu, "mimi nataka kuona hii vitu. Kabla giza haijafika."

Nilikuwa nimeketi upande wa jicho lililokufa. Nililia upande huo huo, kimya kimya, kwa kuwa hakuweza kuniona.

Basi ilibidi atembezwe, na ilibidi iwe haraka. Kulikuwa na tatizo moja tu, na mtu asiye wa huku atanicheka. Mwenye kujua kuendesha gari nyumbani kwetu alikuwa mume wangu peke yake.

Mume wangu ni mtu wa milima ya Maragoli, ile unayoiona kaskazini ukisimama mjini. Ni fundi wa friji. Kwao na kwetu sheria ni moja: mkwe na mama mkwe hawazoeani. Hawapeani mikono, hawali pamoja, hawalali chini ya paa moja, na hawatazamani usoni. Hiyo ndiyo heshima, na kadiri mnavyopendana ndivyo mnavyozidi kuepukana. Kwa miaka kumi na miwili ya ndoa yetu, kila tulipokwenda Kisian, mama alijifunika kanga kichwani na kupitia nyuma ya nyumba, naye mume wangu alizungumza na sakafu. Nadhani alimjua mama mkwe wake kwa viatu. Walikuwa na salamu zao, lakini zote zilipitia kwangu. Mama alikuwa hajui Kimaragoli, mume wangu hajui Kijaluo cha kutosha, wote wawili wanakijua Kiswahili, na bado mimi nilikaa katikati nikitafsiri Kiswahili kwenda Kiswahili.

"Ambia baba ya watoto amekaribishwa chai."

"Mama anasema karibu chai."

"Mwambie asante sana."

"Anasema asante sana."

Nilipomweleza mume wangu habari ya orodha, nilitegemea aseme tutafute dereva. Hakusema hivyo. Aliuliza ni siku gani. Ijumaa jioni aliliosha gari letu dogo la zamani mpaka ndani ya milango, akatandika shuka safi kiti cha nyuma, na kuwasha na kuzima redio mara kadhaa ili ajue ikae kwenye stesheni gani isiyomwudhi mtu mzima.

Jumamosi tulifika Kisian saa mbili asubuhi. Mama alikuwa tayari nje, amevaa gauni la kanisani, kanga begani na kitambaa cheupe kichwani, pochi mkononi, orodha ndani ya pochi. Mume wangu aliteremka, akafungua mlango wa nyuma, kisha akaenda kusimama upande wa pili wa gari akitazama shamba la mahindi la jirani mpaka nilipomwita. Mama aliketi nyuma yake sawasawa. Mimi nikaketi kando ya mama. Kiti cha mbele kilibaki kitupu.

Kabla ya kuwasha gari, mume wangu aliinua mkono, akaushika ule mkono wa kioo cha ndani, akakigeuza juu. Kioo kikabaki kinatazama paa. Bila hivyo, kila alipotaka kuona barabara nyuma angekutana na macho ya mama.

Hatukwenda mbali. Baada tu ya njia panda tulisimamishwa na askari wa barabarani. Alikagua matairi, akakagua leseni, akainama na kuchungulia ndani.

"Sasa wewe, hiyo kioo inaangalia nini? Unaendesha kuenda mbinguni?"

Mume wangu alisafisha koo. "Afande, nimebeba mama mkwe."

Askari alitazama kiti cha nyuma, akamwona mama na kitambaa chake cheupe, uso wake ukabadilika. Akavua kofia. "Pole, bwana. Endelea. Tumia hizo za pembeni." Tulipoondoka mama alicheka chini kwa chini mpaka kanga ikamdondoka begani. Nilikuwa sijamsikia akicheka hivyo tangu habari za daktari.

Kit Mikayi tuliiona kabla hatujafika, mawe juu ya mawe, makubwa kuliko nyumba. Kwa mama haikuwa hivyo. Yeye hakuweza kuliona jiwe zima kwa mara moja. Alisimama mbele yake, akaanza chini kwenye mizizi ya miti, akapanda na kichwa polepole, akafika kwenye ufa, akavuka kushoto, akarudi, akaendelea juu. Alilisoma lile jiwe kama barua. Kichwa kilipofika mwisho, shingo yote ikiwa nyuma, alisema kwa sauti ndogo, "Yaye. Na iko hapa nyuma ya nyumba yangu."

Mama mmoja wa pale, anayewatembeza wageni, alitusimulia kisa cha jiwe hilo: mzee aliyependa kukaa chini ya jiwe hilo siku nzima, mkewe akimletea chakula, na watu walipomwuliza mzee yuko wapi, mke akajibu kwamba amekwenda kwa mke wake wa kwanza, ndilo jiwe; ndiyo maana likaitwa Kit Mikayi, jiwe la mke wa kwanza. Mama alimsikiliza mpaka mwisho.

"Bibi ndiye alibeba chakula kila siku," alisema, "na jina ikapewa jiwe."

Mtembezaji alicheka akasema hajawahi kuambiwa hivyo na mgeni.

Njia ya kuingia katikati ya mawe ina mteremko na mizizi. Mama alisita. Mimi nilimshika mkono mmoja, lakini upande wa jicho lililokufa ulibaki wazi, na mwili wake uliyumba. Mume wangu alikuwa mbele yetu hatua kama kumi, ametugeuzia mgongo. Alikuwa akisukuma vijiwe pembeni kwa kiatu. Niliona anataka kurudi, na anajua hawezi. Akaingia kichakani, akavunja tawi, akalichambua majani, akalikwangua kwa kisu cha funguo zake mpaka likawa laini. Halafu akaliegemeza kwenye jiwe lililokuwa njiani, mahali ambapo mkono wa mama ungefika, akaenda zake.

Mama alilipapasa, akalishika, akalipima kwa kulidunda ardhini.

"Nani ameweka fimbo hapa?" aliuliza, na alijua vizuri sana.

"Sijui, mama."

"Ambia huyo 'Sijui' wako erokamano."

Nilipeleka shukrani hiyo hatua kumi mbele. "Mwambie asijali," mume wangu akaiambia njia.

Makumbusho mama aliyakataa mlangoni. Alisikia kwamba ndani kuna boma limejengwa kama la Wajaluo wa zamani, nyumba ya mke mkubwa na ghala na kila kitu, akasema yeye mwenyewe ametoka kwenye boma asubuhi, na amewaacha kuku nje. Kwa swala alikaa kwa muda mrefu. Alimlenga mmoja kwa jicho lake, akamfuata mpaka mnyama huyo alipojificha nyuma ya mti. "Ni mbuzi," alisema, "lakini mbuzi amevaa nguo ya Jumapili." Niliandika maneno hayo kwenye simu. Bado yamo.

Chakula cha mchana tulikula kwenye vibanda, moshi ukitupitia, ngege wa kukaanga na ugali na mboga. Niliomba meza mbili. Mhudumu hakuuliza sababu; alimtazama mama, akamtazama mume wangu, akamwongoza mume wangu mpaka meza ya mwisho kabisa, nyuma ya nguzo. Alikaa ametugeuzia mgongo. Mama alikula kama anavyokula siku zote, kwa vidole, taratibu, mpaka mifupa ikalala kwenye sahani mitupu na safi. Katikati ya kula aliacha kutafuna.

"Huyo anakula?"

"Anakula, mama."

"Nenda angalia. Watu wa milima wanaachanga kichwa. Ambia yeye asiache kichwa, ndio tamu."

Nilikwenda. Kichwa kilikuwa kimesukumwa pembeni mwa sahani, chini ya mfupa. Nilipompa ujumbe, mume wangu alikitazama kile kichwa cha samaki nacho kikamtazama, akakivuta karibu. Nilirudi na kuripoti kwamba kinaliwa. Nakumbuka niliona raha siku hiyo, raha ya kitoto, ya kukimbia kati ya meza mbili za watu ninaowapenda. Nikajiambia kwamba nikizeeka nitaikumbuka hiyo meza ya nyuma ya nguzo. Sikujua sitahitaji kusubiri mpaka nizeeke.

Dunga tuliibakiza kwa mwisho. Wauza samaki walimpokea mama kwa vifijo, wakamshika mikono, wakamwuliza amekuja kununua au kuuza. "Nimekuja kuangalia," alijibu. Walicheka, wakidhani ni mzaha. Alipita kwenye kiti chake cha miaka yote, akafika kwenye maji, na kusimama akiwa ameyaelekea. Mimi nilisimama nyuma yake, nikaona kitu ambacho sikuwa nimewahi kukiona utotoni, mgongo wa mama na ziwa mbele yake.

Mwenye boti alikuwa mtu wa makamo. Nilianza kumweleza kwa nini tunahitaji boti mbili kwa watu watatu, akaniinulia mkono. "Maro?" aliuliza, yaani, ni mama mkwe? Nikasema ndiyo. Akampigia mwenzake mluzi alete boti ya pili.

Mume wangu alisema atabaki ufukweni kulinda gari. Mama alikataa. "Ambia yeye yeye si dereva ya kuajiriwa. Aje aone." Niliupeleka ujumbe. Alitazama maji, akatazama boti, ambayo kusema kweli ni mbao zilizopakwa rangi na injini ndogo nyuma. Alivaa jaketi la kuelea, akalifunga, akalifungua, akalifunga upya. Akamwuliza mwenye boti kina cha maji ni kiasi gani. Mwenye boti akajibu kwamba inategemea unaanguka wapi, wenzake wakacheka. Mimi sikucheka. Nilikasirika. Jua lilikuwa linashuka, mama alitaka kuwa nyumbani kuku wakiingia, na macho yake yalikuwa na siku za kuhesabika. "Acha kutuchelewesha," nilimwambia mbele za watu. Akaingia.

Mimi na mama tulitangulia, boti ya mume wangu ikatufuata kwa mbali kidogo. Magugu maji yalikuwa yameingia ghubani wiki ile, yametandaza kijani kibichi na maua ya zambarau, mazuri ukiyatazama na balaa tupu ukiwa na injini. Mwenye boti wetu aliyazunguka. Yule wa pili alijaribu kukata katikati, magugu yakasokota injini, boti ikasimama ikicheza ubavu kwa ubavu. Mwenye boti aliinamia nyuma kuyang'oa kwa mikono. Na papo hapo, ng'ambo kidogo ya boti hiyo, kwenye maji wazi, viboko wakaibuka. Masikio kwanza, halafu pua, halafu mmoja akafungua mdomo wote akaufunga.

Nilishika simu nikapiga picha kama mtu aliyelipwa. Mama alikuwa amegeuza uso upande ule, sawasawa, kichwa hakitikisiki. Nilifurahi kwamba amewapata bila kusaidiwa.

"Unawaona, mama?"

"Naona."

"Wako watatu!"

"Mimi naona mmoja," alisema. "Anatosha."

Nilifikiri ni lile tundu lake dogo. Nilijaribu kumwelekeza kwa wale wengine wawili, kushoto kidogo, mama, geuza kidogo. Hakugeuza. Alibaki hivyo hivyo mpaka injini ya ile boti ilipokohoa na kuwaka, viboko wakazama. Ndipo alipoinamisha kichwa na kufuta jicho kwa pembe ya kitambaa. Nikasema ni upepo. Akasema ndiyo, ni upepo.

Kisian tulifika kuku wakiwa bado nje. Alishuka na fimbo yake, akanikabidhi orodha ambayo sasa ilinuka samaki. "Ndere imebaki," nilisema. "Wacha ibaki," akajibu. "Nimeona."

Giza lilifika katikati ya msimu wa mvua. Alinipigia simu asubuhi, nikiwa kwenye kaunta, wageni wawili mbele yangu wakiuliza habari za viboko. Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa. "Nyara, leo nimeamka na haijakucha." Niliwapa wale wageni karatasi, nikaenda chooni, nikakaa juu ya ndoo iliyofunikwa.

Nilitaka aje akae kwangu Nyamasaria. Nina chumba cha ziada, nina maji ya bomba. Lakini chini ya paa la mkwe wake hangelala, na hakuna aliyethubutu hata kulitaja jambo hilo mbele yake. Alibaki Kisian, mke wa kaka yangu akimtunza vizuri sana, na mimi nikiwa mgeni wa Jumapili. Hapo ndipo nilipoichukia ile heshima. Niliona imekula miaka yetu. Nilimwambia mume wangu hivyo kwa hasira, naye hakubishana. Alisema tu kwamba angependa angalau siku moja ajue mama ana sura gani.

Miezi ikapita. Siku moja mama akasema anataka samaki wa ufukweni, wa pale pale. Tukamfuata. Mume wangu alifungua mlango, akaenda kuyatazama mahindi ya jirani, akarudi, akashika kioo akakigeuza juu.

"Mama haoni sasa," nilimnong'oneza. "Kiache tu."

"Mimi naona," akasema. Kioo kikatazama paa mpaka mjini.

Mhudumu alikuwa yule yule. Meza mbili, moja nyuma ya nguzo. Nilimwekea mama mkono wake kwenye ugali, kwenye samaki, kwenye bakuli la maji, ajue kila kitu kiko wapi. Hakuanza kula.

"Huyo amekaa wapi?"

"Kule kule, mama. Kwa nguzo."

"Ambia yeye aje hapa."

Nilidhani sikusikia vizuri. Nikamkumbusha kwamba yeye ndiye aliyenifundisha tangu nikiwa msichana mambo ya mkwe na mama mkwe. Akapiga meza kidogo kwa kiganja.

"Heshima ilikuwa ya macho. Sasa mimi sina. Ama atakaa kwa hiyo nguzo mpaka nikufe?"

Nilikwenda. Mume wangu alinisikiliza, akabeba sahani yake kwa mikono miwili, akatembea kati ya meza kama mtu anayeingia kanisani amechelewa. Aliketi kwenye ncha ya benchi, upande upande, macho kwenye ugali wake. Mama alikuwa amemsikia akiketi. Aligeuza uso wake kumwelekea, sawasawa, kama alivyokuwa akifanya zamani alipotaka kuona.

"Ile siku ya boti," aliniambia mimi, "wewe uliona viboko?"

"Niliona, mama. Watatu. Nina picha."

"Mimi sikuona hata mmoja. Nilikuwa naangalia huyu. Hiyo boti ilisimama mbele yangu kabisa, nikasema, wacha niibe. Alikuwa na shati ya buluu. Jaketi amefunga vibaya, kifungo ya juu kwa shimo ya chini. Mkono mbili imeshika boti hivi." Akashika ukingo wa meza kwa mikono yote miwili mpaka vifundo vikawa vyeupe. "Na macho amefunga. Mdomo inaenda. Anaomba. Huyu mtu anaogopa maji, nyara. Anaogopa mpaka anataka kufa, na ameingia kwa sababu mimi nimesema aje. Nikasema, kama macho yangu iko na siku kidogo, wacha iangalie hiyo. Viboko nitasimuliwa."

Nilimgeukia mume wangu. Miaka yote hiyo nimelala kando yake, na nilimfokea mbele za watu aingie kwenye boti. Kwenye simu yangu kuna picha nyingi za siku ile, na hayumo hata kwenye moja.

"Ni kweli?" nilimwuliza.

Hakunijibu mimi. Aliinua uso kutoka kwenye sahani, na kwa mara ya kwanza akamtazama mama usoni, kwenye mikunjo, kwenye macho yale yaliyokuwa yamemlenga bila kumwona.

"Ni kweli, mama," alimwambia. "Sijui kuogelea. Niliogopa sana."

Nilifungua mdomo kutafsiri, kwa mazoea, nikaufunga. Mama alikuwa ameshapapasa meza, akaipata sahani yake, akaisogeza karibu.

"Kula basi, baba," alimwambia, yeye mwenyewe, bila kunipitia. "Na usiache kichwa."